Ghorofa ya Saba ya Jumba la Wafu

Mtaani walimwita Sindano, na jina hilo lilimkaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kujishonea. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake ulichoma kabla hujajua umeguswa. Jina lenyewe alipewa na mdogo wake, ambaye yeye naye alimwita Waya, kwa sababu tangu utotoni mifuko ya suruali yake haikukosa vipande vya nyaya. Mama yao alizaa hao wawili tu.

Baba alitangulia wakiwa wadogo. Mama alipofariki, Sindano alikuwa na miaka kumi na saba, Waya kumi na mmoja. Jumatatu baada ya mazishi msichana hakurudi shule. Alikaa kwenye cherehani ya mama akamalizia sketi ambayo marehemu aliiacha haijakamilika. Mwenye sketi alipokuja kuichukua aliigeuza huku na huku, asiweze kujua mkono wa mama uliishia wapi na wa binti ulianzia wapi. Kuanzia siku hiyo kiti kile kikawa chake. Seremala mmoja alikuja kumposa. Akasubiri miaka miwili Waya ajitegemee, kisha akachoka kusubiri, akaoa kwingine. Gauni la bibi arusi alilishona Sindano mwenyewe.

Waya alipofika miaka kumi na minane alikuwa anajifunza ufundi wa televisheni kwenye karakana nyuma ya soko. Jioni moja alirudi na mfuko, akaumimina juu ya meza ya kukatia vitambaa. Ilikuwa mashine ya gemu, ya kijivu iliyogeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Mwenye mashine aliileta itengenezwe, akahama mji bila kuaga, na mwaka ulipokwisha bosi akasema, "Ichukue, inanijazia rafu." Kaseti ilikuwa moja tu, imeng'ang'ania ndani. Karatasi yake ilibanduka nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa na picha ya mwanamume aliyebeba taa mkono mmoja na sepetu mkono wa pili, amesimama mbele ya jumba kubwa jeusi, na juu yake maandishi ya nchi ya mbali, herufi kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Hawakujua gemu inaitwaje. Hawakuwahi kukutana na mtu mwingine aliyewahi kuiona. Wao waliiita Jumba la Wafu.

Mwenye sepetu anaingia mlangoni, na mlango unajifunga nyuma yake. Kazi yake ni kuruka mashimo, kupanda ngazi zinazobomoka, na kupiga kila kinachomjia: popo, mikono iliyokatwa inayotambaa sakafuni, mifupa inayotembea. Ghorofa ni saba. Anamtafuta nani humo ndani, hawakujua, maana kila kilichoelezwa kilielezwa kwa vile vijiti. Basi wakajitungia. Mfu aliyerusha mifupa walimwita Mwalimu wa Hesabu, kwa sababu mwalimu wao alirusha chaki vivyo hivyo na hakukosa shabaha. Kichwa chenye nywele ndefu kilichopaa na kuingia popote bila hodi walikiita Shangazi, na waliomjua shangazi yao hawakuuliza sababu.

Ukimaliza ghorofa, gemu ilikupa picha nane ndogo, fuvu, mwezi, ufunguo, jani, na kadhalika, uzinakili ili kesho uanzie hapo. Sindano alizichora kwenye daftari lake la vipimo. Ndiyo maana katikati ya kiuno cha mke wa daktari na mabega ya fundi bomba kulikuwa na mafuvu. Siku moja mke wa daktari aliliona daftari, na nusura ahamie kwa fundi mwingine.

Ghorofa ya saba iliwashinda. Ilikuwa ukumbi mtupu, na mwisho wake ameketi mwanamke mwenye gauni jeupe, amewapa mgongo. Ukimkaribia anageuka, anapiga ukelele, na mwenye sepetu anaanguka chini. Walijaribu miaka miwili. "Huyu bibi," Waya alisema, "ama tutamwoa ama atatuzika." Kisha Waya akaoa kweli, akahamia kwake, akafungua karakana yake. Sindano akaikunja mashine ndani ya shuka, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Maisha yakaendelea.

Miaka ikapita, na mingi. Waya hakujaliwa mtoto. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu siku alipopita kwa dada yake jioni moja na kukaa mlangoni. Sindano alikuwa na magauni sita ya arusi yanayotakiwa kesho yake asubuhi, pini zimejaa mdomoni.

"Dada," Waya alisema, "siku hizi nikitazama taa naona zina pete. Pete za rangi, kama upinde wa mvua."

Sindano akatoa pini mdomoni. "Hizo pete ndizo wifi yangu anazodai. Mnunulie moja ya maana, zitahama kwenye taa."

Akacheka. Waya naye akacheka. Akakaa kidogo, akaaga, akaenda zake. Mazungumzo yalikuwa hayo tu, na mtu mwingine angeyasahau kabla uzi haujakatika.

Mwaka uliofuata wifi akaondoka. Waya hakueleza. "Tumeshindwana," alisema, na alipobanwa zaidi akasema tena vilevile. Sindano hakubanwa na mtu, lakini alieleza sana. Kwa muda wa miezi, kila mteja aliyepimwa kiuno alisikia habari za wanawake wasiojua thamani ya mume mpole.

Kisha redio yake ikaharibika. Aliibeba hadi karakana kwa Waya, saa nne asubuhi, jua limeingia hadi mezani. Alimkuta ameinamia televisheni iliyofunguliwa mgongo, chuma cha kulehemu mkononi. Sindano akabisha hodi, akaiweka redio chini, akatazama. Waya alikuwa akipapasa ndani ya ile televisheni kwa vidole vya mkono wa kushoto, polepole, na akishapata pale anapotafuta anaacha vidole papo hapo na kuleta chuma cha moto kando yake. Ncha za vidole zilikuwa zimejaa malengelenge, mengine mabichi, mengine yamekauka juu ya makovu ya zamani.

Sindano aliinua mkono akaupunga karibu na shavu la mdogo wake. Waya hakupepesa jicho. Akaupeleka mbele ya uso wake kabisa.

"Dada," Waya akasema, "mbona umenyamaza? Uko wapi?"

Alikuwa amesimama umbali wa mkono mmoja.

Hospitalini daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye miwani minene, aliwasha taa yake ndogo, akatazama jicho hili na lile, akarudia. Akaizima. "Ni presha ya macho," alisema. "Imekula mishipa ya nyuma taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati. Kilichokwenda hakirudi. Tutajitahidi kulinda kidogo kilichobaki." Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, "Ilianza lini? Hakuwahi kuona duara za rangi kuzunguka taa?"

"Hapana," Sindano akajibu, kabla Waya hajafungua kinywa.

Daktari akaandika. Waya aligeuza uso kuelekea sauti ya dada yake.

Kidogo kilichobaki nacho hakikukaa. Kabla ya mwaka kwisha Waya alikuwa haoni hata dirisha. Sindano akamhamishia kwake, chumba cha nyuma, na zana zake zikafungwa ndani ya katoni. Mficha maradhi, kilio humfichua, watu walisema, na Sindano aliwasikia. Yeye alikuwa na kilio kingine cha kuficha. Kila alipomchukulia chai alikuta amelala kaelekea ukutani, ingawa kwake ukuta na mlango vilikuwa kitu kimoja sasa. Alikula akilishwa maneno, "kula basi, mdogo wangu, kula," na akiulizwa anataka nini anasema hataki kitu. Mtu aliyekuwa akiimba huku anafungua skrubu alikaa wiki nzima bila kutamka maneno ishirini.

Mwezi wa tatu wa hali hiyo Sindano alilivuta sanduku la bati. Aliifungua shuka, akaleta televisheni ndogo chumbani kwa Waya, akachomeka nyaya kama alivyokumbuka. Kioo kikabaki cheupe. Akaitoa kaseti, akairudisha. Bado.

"Unafanya nini?" Waya aliuliza ukutani.

"Nawasha Jumba la Wafu."

Waya akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi, "Unanicheka, dada?"

"Sikucheki. Nina hamu ya kumwona Shangazi."

Aliendelea kuhangaika, kwa makusudi kidogo na kwa kutojua sana. Alichomoa huu, akachomeka ule, akapiga mashine kwa kiganja. Hilo la kiganja Waya hakulivumilia. Aligeuka, akaketi, akanyoosha mikono. "Lete hapa kabla hujaiua." Akaipapasa, akaipuliza kaseti, akaisafisha meno yake ya chuma kwa upindo wa shati, akairudisha mpaka ikalia kwa sauti fulani aliyoijua yeye. Muziki wa mlangoni ukaanza, ule wa kinanda cha kutetemeka. Mikono ya Waya ilikuwa bado imeshikilia mashine. Hakuirudisha.

Siku ile Sindano ndiye aliyecheza, na alicheza vibaya kama kawaida yake. Kabla ya shimo la pili Waya akapaza sauti, "Popo! Inama! Humsikii?" Kweli, popo alikuwa na mlio wake. Kila kitu mle ndani kilikuwa na mlio wake, ngazi inayobomoka, mkono unaotambaa, na Waya alivijua vyote kama mtu anavyojua nyayo za watu wa nyumbani. Alipokufa mara ya tano Sindano akamwekea Waya kishikio cha kuchezea mapajani. "Wewe una mikono, mimi nina macho. Tugawane."

Ndivyo walivyogawana. Kila siku saa kumi alasiri alifunika cherehani, akaingia chumba cha nyuma. Mwanzoni alisema mengi mno, "sasa hapo mbele kuna kitu kama ngazi hivi," na mwenye sepetu akafa katikati ya sentensi. Akajifunza kukata. "Kulia. Mbili. Shimo. Ruka." Wateja waliosubiri mlangoni walisikia fundi wao akipiga kelele, "Ua! Ua huyo! Kichwa, piga kichwa!" na sauti ya kiume ikiitikia, "Roho ngapi zimebaki?" Mmoja alikwenda kumwita balozi wa mtaa. Balozi akaja, akachungulia, akaketi, akaondoka saa kumi na mbili akiwa ameshamchukia Mwalimu wa Hesabu kama wao.

Waya akaanza kuamka mapema. Akanyoa ndevu. Aliomba katoni ya zana, akawa anamrekebishia dada yake pasi na redio kwa kupapasa, bila moto. Na alipokula hakuhitaji kubembelezwa, maana alikuwa na haraka.

Walitumia miezi mitano kufika ghorofa ya saba. Mwanamke wa gauni jeupe alikuwa amekaa palepale alipoachwa. Aligeuka, akapiga ukelele, wakafa. Kesho yake wakafa. Wiki mbili wakafa. Zamani Sindano alimtazama mwenye sepetu, kama kila mtu anayecheza. Sasa kazi yake ilikuwa kuona tu, na mshonaji akipewa kazi ya kuona, macho yake yanakwenda kwenye nguo. Akalitazama gauni.

"Ngoja," alisema siku ya kumi na tano. "Pindo linainuka."

"Pindo gani?"

"La gauni. Kabla hajageuka. Upande anaogeukia unainuka kidogo, kama uzi umevutwa. Usimwendee bado. Nikikwambia kushoto, wewe ruka kulia umpige."

Wakajaribu. "Kushoto!" Waya akaruka kulia, sepetu ikatua, ukelele ukapita hewani. "Kulia! Kushoto! Kushoto tena!" Jasho lilimtiririka Waya mpaka kidevuni. Kwenye pigo la tisa mwanamke akasimama, muziki ukakatika, na nyumba yote ikaanza kuporomoka.

"Imekuwaje?" Waya aliuliza. "Tumekufa?"

"Hatujafa. Ukuta unaanguka. Jamaa ametoka nje, amemshika mkono yule mwanamke. Wameketi juu ya jiwe. Ameweka sepetu chini." Akasogelea kioo. "Sasa maandishi yanapanda."

"Nisomee."

"Ni vile vijiti, Waya. Hatuvijui."

"Najua hatuvijui. Nisomee hivyo hivyo."

Sindano akatazama vijiti vikipanda, mstari baada ya mstari, taratibu. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha. Vitu vya kuchekesha ndivyo vilivyokuwa karibu naye siku zote. Badala yake akasikia kinywa chake kikisema, "Inasema kulikuwa na mtu aliyemwambia dada yake kwamba taa zina pete. Na dada yake akamfanyia mzaha, kwa sababu alikuwa na magauni sita. Inasema daktari alipouliza, dada alisema hapana."

Muziki ulizunguka ukarudi mwanzo. Waya alikuwa bado ameshika kishikio kwa mikono miwili.

"Pete zipi?" alisema.

"Ulikuja jioni. Ulikaa mlangoni."

"Sikumbuki, dada."

"Waya."

"Wallahi sikumbuki." Akapapasa, akalipata goti la dada yake, akaligonga mara mbili kama mtu anayepima ubao. "Zima basi, mashine inapata moto."

Sindano hakujua kama alisema kweli au alimwonea huruma. Miaka minne neno lile lilimla ndani kama nondo kwenye sufu, na mwenye kukosewa anasema halikumbuki. Alitegemea kusamehewa au kulaumiwa. Hili la tatu hakujua alishike wapi.

Kesho yake saa kumi alifunika cherehani, akaingia. Waya alikuwa kitandani. "Tuanze tena?" Sindano akauliza.

"Tumeshamaliza," alisema, bila chuki. "Tulitaka kujua yule bibi ni nani, tumejua ni mtu tu. Washa redio."

Sindano alibembeleza siku hiyo na nyingine. Waya alicheza mara mbili kumridhisha, akaacha ghorofa ya pili. Hakurudi kwenye ukimya wa zamani. Alizungumza, alitania, alikula. Ila haraka ilimtoka. Mara nyingi, akiwa kwenye cherehani, Sindano alijiambia kuwa laiti angelinyamazia lile pindo, mdogo wake angekuwa bado na kitu cha kumwamsha. Msimu wa baridi Waya akashikwa na homa ya mapafu. Alilazwa siku tisa. Siku ya kumi, adhuhuri, Sindano akimkunjia blanketi miguuni, alivuta pumzi ndefu na hakuvuta nyingine. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Wiki ya tatu, wakati hata majirani wameacha kuuliza hali, mlango uligongwa na mwanamke mnene kidogo, mwenye mkoba wa kahawia. Sindano alimtambua kwa mabega, maana aliwahi kuyapima. Alikuwa wifi yake.

"Umekuja kufanya nini?" Sindano alisema.

"Nimesikia jana tu. Nipe nafasi nikae, wifi, nimetembea kutoka stendi."

Alimpa kiti kwa sababu adabu ilimlazimisha. Hakumpa chai. "Ulimwacha akiwa anaingia gizani," alisema. "Ungeweza kusubiri angalau taa izimike kabisa."

Mwanamke alitazama mikono yake. "Sikumwacha. Alinifukuza. Aliniambia anataka mtoto, na mimi sizai, niende. Alinifungia mizigo mwenyewe. Alikunja nguo zangu zote vizuri, moja juu ya moja, lakini blauzi zote zilikuwa zimegeuzwa ndani nje. Nilidhani ni hasira." Akaushika mkoba wake. "Habari za macho nilizipata kwa watu, miezi mingi baadaye. Ndipo nikakumbuka zile blauzi. Nilikuja karakana mara mbili. Akisikia sauti yangu anasema, 'Fundi hayupo.' Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, fundi hayupo."

Sindano alishika ukingo wa meza. "Alijua?"

"Alijua kuna jambo. Nilimwambia aende hospitali, nikachoka kumwambia. Alisema bora asijue."

"Mimi angenisikiliza," Sindano alisema.

"Labda," wifi akajibu.

Sindano akainuka, akapika chai, akaleta vikombe viwili, na wifi akainywa ikiwa ya moto bado. Akauliza kama ni kweli walicheza gemu, alisikia kwa balozi njiani. Waya alipokuwa mume wake aliisema mara nyingi hiyo gemu, lakini hakuwahi kuiona. Sindano akampeleka chumba cha nyuma, kitanda kikiwa kimetandikwa, akawasha. Wifi alishika kishikio kama anashika kuku. Shangazi akaingia bila hodi, wifi akapiga yowe, mwenye sepetu akatumbukia shimoni. Sindano naye akajaribu, akaanguka palepale. Walijaribu mpaka vidole vikauma, na hakuna aliyevuka ghorofa ya kwanza.

"Alipenda nini hasa humu?" wifi aliuliza, akijifuta macho, alikuwa amecheka, au siyo kucheka tu.

"Sijui," Sindano alisema. "Kelele, nadhani."

Jua liliposhuka wifi alichukua mkoba wake. Sindano akamsindikiza mpaka kwenye kona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za mwanzo za ndoa ile. Pale wakasimama muda mrefu, wakizungumzia blauzi moja ya wifi iliyokuwa inambana makwapani, na kama inaweza kuongezwa.